Jabalungu, Mgeni wa Taifa

Mambo haya hayakutokea zamani za kale. Yametokea juzijuzi tu, katika nchi ambayo kwa sasa haina jina. Jina la awali lilionekana fupi mno kwa heshima ya taifa, likavuliwa. Jipya bado liko kwenye kamati, na kamati iko semina. Wananchi wanaombwa kuvumilia. Mtu wa huko akiulizwa anatoka wapi hujibu "hapahapa," na inatosha, kwa kuwa ni wachache wanaoruhusiwa kufika mahali ambapo wataulizwa.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo aliishi Bi Zawena Mapande, mwalimu wa shule ya msingi, na mumewe Athmani, dereva wa malori ya masafa marefu. Siku moja lori la Athmani lilipinduka kwenye barabara iliyokuwa imezinduliwa mara kadhaa bila kujengwa, na tangu siku hiyo Athmani hakusimama tena. Kitanda chake kilihamishiwa sebuleni, kando ya dirisha, ili apate kuona wapita njia. Mtu aliyezoea kulala mpakani leo na bandarini kesho akabaki kujua tu ni nani amepita na ndoo.

Aliyeleta mchezo nyumbani alikuwa Sefu, zamani utingo wa Athmani na sasa fundi wa friji. Baharia mmoja alimpa kisanduku chenye dadu za pembe nyingi na kitabu cha kanuni. Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Watu wanakaa mezani na kila mmoja anajifanya mtu fulani katika nchi ya kubuni: shujaa, mwizi, mchawi. Mmoja wao ni msimulizi. Yeye ndiye anayesema kwamba mvua inanyesha, kwamba mlango umefungwa, kwamba kuna kitu kinapumua ndani ya pango. Wachezaji wakizidiwa, wanaweza kuchora duara la chaki, kurusha dadu na kufungua lango, na kupitia lango hilo wakaita kiumbe mwenye nguvu kutoka ulimwengu mwingine aje kuwasaidia. Kitabu kilikuwa na majina ya viumbe hao. Athmani hakuyapenda, alisema yanakwaruza koo, akabuni wake.

Alimwita Jabalungu. Alikuwa mrefu kuliko mnara wa simu, mwenye pembe kama za pofu wa mbugani na ngozi ya rangi ya mawe ya mtoni, na aliweza kubeba mlima kama mtu anavyobeba kikapu. Lakini kila alipoitwa, kabla hajavuka lango, alikohoa kidogo, kisha akasema kwa sauti nzito ya polepole: "Hodi. Naruhusiwa?" Asipoambiwa karibu, alirudi alikotoka. Sefu alilalamika kwamba kiumbe mwenye nguvu kiasi hicho hana haja ya kubisha hodi. Athmani alimjibu kwamba huyo hasa ndiye mwenye haja.

Mchezaji mwingine alikuwa Pendaeli, muuguzi wa zahanati, mkazi wa Bonde la Mkangaga, aliyekuja kumsafisha Athmani vidonda vya mgongoni. Siku moja alikaa kungoja chai yake ipoe, akapewa dadu, na tangu hapo hakukosa Jumapili hata moja. Alikuwa mwanakwaya, hajawahi kuchukua hata pamba ya zahanati, kwa hiyo mezani alichagua kuwa mwizi, na aliiba kwa furaha kubwa. Msimulizi alikuwa Zawena. Jabalungu alikuwa wa Athmani.

Athmani alikufa wakati wa masika. Zawena alikataa kukaa matanga. Walizika, wakarudi, akakunja mikeka siku hiyohiyo, akawaomba watu waende wakapumzike. Alisemwa sana kwa hilo. Jumapili iliyofuata Sefu na Pendaeli walikuja kwa kuwa hawakujua pengine pa kwenda, na wote watatu wakakaa mezani wakacheza ili wasizungumze. Shujaa wa Sefu alizingirwa pangoni. Bila kufikiri, Sefu akachora duara, akarusha dadu, akamwita Jabalungu. Kisha akakumbuka, akaufunika mdomo wake kwa mkono.

Zawena alilitazama lile duara la chaki. Halafu akakohoa kidogo, na kwa sauti nzito ya polepole akasema: "Hodi. Naruhusiwa?"

Pendaeli ndiye aliyejibu karibu.

Tangu siku hiyo hawakumaliza mchezo bila kufungua lango. Hakuna aliyesema kwamba wanamwita Athmani. Walisema wanacheza.

*

Katika nchi yetu kila mtaa una mjumbe wa kusikiliza madirishani, kwa faida ya wenye madirisha. Jumapili moja alasiri mjumbe wa mtaa wa Zawena alipita akasikia, ndani ya nyumba ya mjane, sauti ya mwanamume ikisema kwamba inaweza kuhamisha mlima. Kwa uzoefu wake jambo hilo lilikuwa ama uasherati ama upinzani. Ili asije akakosea, aliripoti yote mawili.

Kesi iliangukia Wizara ya Malango na Mipaka, ambayo husimamia mageti ya viwanja vya mpira, vizuizi vya barabarani na heshima ya nchi kwenye mipaka yake. Zawena na wenzake waliitwa wakasomewa shtaka la kumwingiza mgeni nchini kupitia lango lisilosajiliwa. Zawena alieleza mchezo kwa subira ya mwalimu. Alitoa dadu, ofisa akazitazama kwa kioo cha kukuzia. Ofisa aliuliza Jabalungu ni raia wa wapi. Zawena akajibu kwamba hana uraia, ni wa kubuni. Ofisa akataka kujua Kubuni iko upande gani, na kama tuna ubalozi huko.

Faili lilipanda ngazi mpaka kwa Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Kasiano Ndulute. Yeye hakulisoma kama kesi. Kwa miaka mingi mipaka aliyoisimamia ilikuwa ikitumika upande mmoja tu, upande wa kutoka, na jambo hilo lilimnyima usingizi kwenye vikao vya Baraza la Mawaziri. Sasa mbele yake palikuwa na mgeni mwenye uwezo wa kuhamisha milima, kutoka ulimwengu mwingine, ambaye anataka kuingia, na zaidi ya hapo anaomba ruhusa. Waziri alivua miwani.

"Huyu si mhamiaji haramu," aliwaambia wasaidizi wake. "Huyu ni mwekezaji."

Zawena aliitwa tena, safari hii kwa gari la wizara, akaombwa amlete Jabalungu rasmi. Alikataa. Alisema hakuna wa kuletwa. Waziri alimwelewa kabisa, akamjulisha kwamba Sefu atabaki mahabusu kama mgeni wa muda wa serikali mpaka lango litakapofunguliwa. Pendaeli aliachiwa, kwa kuwa zahanati yake haikuwa na muuguzi mwingine. Basi Zawena akakubali.

Hiyo ndiyo sababu aliyowapa watu, nayo ni ya kweli. Lakini ilikuwepo nyingine, ambayo alimwambia Pendaeli peke yake. Alipokuwa anainuka kuondoka, Waziri alimwomba, kwa upole kabisa, amsikilizishe kidogo hiyo sauti. Tangu Athmani afe, hakuna mtu mwingine aliyewahi kuomba kuisikia.

*

Lango la Taifa lilijengwa katikati ya uwanja wa mpira. Wataalamu walikuwa wamesoma kwamba duara linatakiwa liwe la chaki, kwa hiyo walilijenga kwa zege wakalipaka rangi ya chaki. Siku ya kulifungua ilikuja bendi ya polisi, ikaja kwaya, wakaja watoto wa shule waliosimamishwa juani tangu asubuhi ili wawe na shauku. Akaja na Mlezi wa Taifa, maana hicho ndicho cheo cha mkuu wa nchi yetu. Neno "rais" lilionekana kuwa na kikomo ndani yake. Dadu la mbao, kubwa kama kabati, lilisukumwa na Mkuu wa Majeshi. Lilipotua kwenye namba isiyofaa, liligeuzwa kwa heshima.

Hakutokea mtu. Upepo ulipita langoni ukasukuma karatasi ya karanga. Uwanja ulinyamaza, na ukimya ulipoanza kuwa wa hatari, Mlezi wa Taifa aliinuka, akanyoosha mkono juu sana, kama mtu anayetaka kushusha kitu kabatini, akautikisa hewani kwa muda mrefu huku akitabasamu. Hapo kila mtu akamwona Jabalungu. Magazeti ya kesho yake yalitofautiana kuhusu urefu wake tu.

Alipewa uraia, gari lililokatwa paa ili pembe zipite, na kiti katika Baraza la Mawaziri, kikubwa kuliko viti vyote isipokuwa kimoja. Kando ya kiti hicho kitupu kiliwekwa kigoda cha mkalimani, na hapo ndipo Zawena alipokaa.

Siwezi kuficha kwamba siku za mwanzo alikuwa na furaha. Mawaziri waliuliza maswali kwa kiti, naye alikohoa kidogo akajibu. Walipouliza kuhusu barabara, Jabalungu alisema barabara isizinduliwe kabla haijakuwepo. Walipouliza kuhusu hospitali, alisema mtu aliyeumia mgongo anahitaji godoro zuri, mtu wa kumgeuza bila kumkasirikia, na dirisha. Alizungumza juu ya dirisha kwa urefu. Mawaziri waliandika yote, wakapiga makofi. Zawena alirudi nyumbani jioni akiwa amechoka vizuri, kama zamani alivyokuwa akichoka siku ambazo Athmani ameshinda akiongea. Hakujua kwamba majibu hayo yote yalikuwa yakihifadhiwa kwenye chumba kilichoandikwa "Hekima za Mgeni", na kwamba chumba kilikuwa na kufuli, na ufunguo wake ulikuwa umetupwa ili usiibiwe.

*

Kisha Jabalungu akaanza kuzungumza bila Zawena.

Mara ya kwanza alimsikia redioni akiwa anapika. Jabalungu, ilisemwa, ameshangazwa na jinsi vijana wa nchi hii wanavyopenda kulalamika. Zawena alidhani ni makosa ya mtangazaji. Siku chache baadaye Jabalungu akapongeza kufungwa kwa gazeti moja. Halafu akawashauri wajawazito wasikimbilie hospitali. Zawena alikwenda wizarani kuuliza, akaambiwa mgeni amejifunza lugha ya taifa kwa haraka ya kupendeza, na ni jambo la kujivunia.

Halafu likaja tangazo la bonde. Jabalungu, kwa sababu ya ukubwa wa mwili wake, anahitaji mahali pa kunyoosha miguu, na baada ya kutafakari kwa kina amechagua Bonde la Mkangaga. Wakazi wote watahamia Makazi Mapya ya Furaha, nyuma ya machimbo ya kokoto. Kwa bahati nzuri, shemeji yake Waziri Ndulute alikuwa ameshachora mchoro wa hoteli ya kitalii mahali hapohapo tangu miaka ya nyuma, kwa hiyo muda haukupotea.

Pendaeli alikuja Jumapili, saa ya mchezo, lakini hakukaa mezani. Alisimama karibu na kitanda, ambacho bado kilikuwa dirishani. Alieleza taratibu, kama anavyomweleza mgonjwa ugonjwa wake. Nyumba yake imepigwa alama nyekundu. Ya mama yake pia. Makaburi ya babu na bibi yake yamewekewa vigingi. Picha za Jabalungu zimebandikwa kila ukuta wa bonde, na watu huzitemea mate wakiona hakuna anayewatazama.

"Jana mwanangu amemtukana," alisema. "Tusi zito, dada. Nikainua mkono nimchape, nikashindwa. Ningemwambia nini? Kwamba huyo ni baba yake mkubwa Athmani?"

Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kwa mmoja wao kulitaja jina hilo mbele ya meza ile. Zawena alimshika mkono. Pendaeli akamwachia, akasema ana zamu zahanati, akaondoka.

Kesho yake Zawena alimwendea Waziri. Alipewa chai na korosho. Alisema mgeni halitaki bonde. Waziri alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamfafanulia kwamba kazi ya mkalimani ni kungoja jambo lisemwe ndipo alitafsiri, na kwamba mkalimani anayesema kabla ya bosi wake ana jina jingine kisheria. Hapo Zawena akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa mtu yeyote, hata kwa nafsi yake.

"Mheshimiwa, Jabalungu ni mume wangu. Amekufa. Ni mimi ninayemsema."

Waziri aliweka kikombe chini. Usoni mwake kulipita kitu ambacho ningependa kukiita aibu, ila sina ushahidi. Kisha akainuka, akazunguka meza, akampa mkono kwa mikono yote miwili.

"Hongera sana, mama. Hatukujua kwamba mwekezaji ana familia hapa nchini. Itatusaidia sana kwenye hotuba."

*

Siku ya kukabidhi bonde, jukwaa lilijengwa penye kisima. Zawena alivalishwa kitenge chenye picha ya pembe, akaketishwa kando ya kiti kitupu. Alikuwa ameahidiwa kwamba akisoma vizuri maneno aliyoandikiwa, Sefu ataondoka naye. Na kweli, alipotazama chini ya jukwaa aliona gari la polisi, na nyuma ya wavu wa dirisha aliona uso wa Sefu, umekonda, ukimtazama.

Mbele ya jukwaa walikuwa watu wa bonde, kila mmoja na kibendera alichogawiwa. Pendaeli alikuwa katikati yao na mama yake. Nyuma yao yalisimama matingatinga yaliyofungwa maua.

Waziri alihutubia kwa kirefu. Alisema bonde halichukuliwi bali linapandishwa cheo. Alisema hakuna anayehamishwa, bali makazi ndiyo yanayosogezwa kidogo, na wakazi wanaombwa kuyafuata. Alisema historia itawakumbuka watu wa Mkangaga, hata kama ramani haitawakumbuka. Halafu akamkaribisha mgeni wa taifa azungumze kupitia mama yetu mpendwa.

Zawena alisimama na karatasi mkononi. Alimtazama Sefu garini, akamtazama Pendaeli. Baadaye watu wa bonde walisema kwamba alisimama muda mrefu mpaka wapiga picha wakaanza kushusha kamera. Karatasi aliikunja akaiweka kitini. Alikohoa kidogo.

"Hodi," akasema kwa ile sauti nzito ya polepole, na vipaza sauti vikaipeleka mpaka ng'ambo ya mto. "Mimi siingii nyumbani kwa mtu bila ruhusa. Wenye bonde, naruhusiwa?"

Hapakuwa na kelele. Ni Pendaeli aliyejibu kwanza, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayemjibu jirani. Alisema hapana. Mama yake akasema hapana. Kisha neno hilo likatembea kutoka mtu hadi mtu, wengine wakilisema chini kwa chini, wengine wakitikisa kichwa tu, mpaka likafika kwa wale waliosimama karibu na matingatinga.

"Basi narudi," akasema Jabalungu.

Vipaza sauti vilizimika hapo, kwa hitilafu ambayo mafundi walikuwa wameiandaa mapema. Vilipowaka tena, Zawena alikuwa ameshashushwa, na penye kigoda alikuwa amekaa Pazi Machaku, mtangazaji wa redio ya taifa, mwenye sauti nzuri kuliko zote nchini. Alieleza kwamba mgeni alipatwa na mafua kidogo kutokana na hali ya hewa ya bondeni, na ndiyo maana alitamka maneno yasiyo yake. Sasa amepona. Kisha Jabalungu akazungumza kwa kinywa cha Machaku, kwa sauti laini iliyojaa, akalishukuru taifa, akakubali zawadi ya bonde. Matingatinga yakavuliwa maua.

Siku hiyo ilitangazwa kuwa Siku ya Furaha ya Kuhama. Kulilia kuhama kulipigwa marufuku bondeni na katika makazi mapya, kwa muda usiotajwa, kwa sababu machozi yangemfanya mgeni ajione hakukaribishwa. Watu walibeba vitanda na masufuria kichwani, nyuso zimekauka. Mzee mmoja aliyeonekana na macho mabichi alijitetea kwamba ni vumbi, akapewa onyo kuhusu vumbi.

Zawena hakufungwa. Aliambiwa tu kwamba cheo cha mkalimani hakijawahi kuwepo, na kwa hiyo hakuna alichokifanya. Alirudishwa nyumbani akiwa bado na kitenge cha pembe. Lakini Sefu hakuondoka naye.

*

Sefu aliachiwa baada ya mavuno, asubuhi moja, bila maelezo. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na alikuwa hasikii vizuri kwa sikio moja. Hakupitia kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Zawena, na Zawena alipomwona mlangoni alipiga magoti kizingitini, akataka kumwomba msamaha. Sefu alimzuia, akamwinua kwa ile mikono yake inayotetemeka.

"Nilikuwa garini, nilimsikia," akasema. "Alikuwa yeye kabisa, shemeji."

Jumapili iliyofuata walimfuata Pendaeli Makazi Mapya ya Furaha. Ni uwanda wa kokoto wenye mabanda ya bati, safu baada ya safu, na juu ya nguzo ya kila safu kuna spika ya redio ya taifa ambayo haina swichi. Pendaeli alikuwa amefungua kijizahanati chini ya turubai. Aliwapokea kwa uchangamfu kuliko walivyotarajia, akawapikia uji. Mama yake alikuwa amelala ndani, hali ya nyumba ya bati ilikuwa imemshinda. Hakuna aliyezungumzia bonde. Mwishowe Sefu akatoa dadu mfukoni, akaziweka juu ya ndoo iliyofunikwa.

Walicheza kwa kusitasita, kama watu wanaojaribu kutembea baada ya homa. Mwizi wa Pendaeli aliiba funguo za jumba fulani. Shujaa wa Sefu alianguka shimoni. Wakatazamana. Sefu akachora duara la chaki kwenye mfuniko wa ndoo, chaki ikikatikakatika vidoleni mwake, akarusha dadu, akamwita Jabalungu.

Zawena alikohoa kidogo. Alifungua kinywa. Juu ya nguzo, kwenye spika, Jabalungu alikuwa akiwaeleza wananchi faida za mboga za majani. Zawena alisubiri amalize, akajaribu tena, na sauti iliyomtoka ilikuwa laini, iliyojaa, sauti ya Pazi Machaku. Akaishika shingo yake. Akajaribu mara nyingine, kwa kunong'ona, wenzake wakiwa wameinamisha vichwa, na ilikuwa ileile.

"Siwezi," akasema. "Hayumo tena."

Sefu alisema pengine wiki ijayo. Zawena akatikisa kichwa.

"Sefu," akasema, "Athmani amekufa."

Aliposema hivyo alianza kulia, na hakulia kama mwalimu. Alilia kwa sauti, ameshika kichwa, kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi. Pendaeli alimkumbatia naye akaanza. Sefu aligeuka akaegemeza paji la uso kwenye bati.

Majirani walitoka mabandani. Waliuliza nani amefariki, wakaambiwa mume wa Bi Zawena. Hawakuuliza zaidi. Mwanamke mmoja alileta mkeka akautandika juu ya kokoto. Mwingine akaleta wa kwake. Wanaume wakaenda kutafuta kuni.

Koplo wa zamu alikuja mbio, akawakumbusha kwamba katika makazi haya kulia ni kosa. Pendaeli alijifuta uso, akamweleza kwamba hapa pana msiba. Koplo alifikiri. Ni kweli kwamba marufuku ilihusu kuhama tu. Msiba haukutajwa, bila shaka kwa kusahau. Akauliza marehemu ni nani, na amekufa lini.

"Ni Athmani, dereva," Pendaeli akasema. "Habari ndiyo imetufikia leo."

Koplo akasema kama ni hivyo, poleni.

Neno la msiba lilizunguka makazi yote kabla jua halijashuka. Watu walikuja safu baada ya safu, watu ambao hawakumjua Athmani wala Zawena, wakakaa kwenye mikeka, na mikeka ilipojaa wakakaa kwenye kokoto. Na wote walilia. Walilia wazee waliohama wameshika vigingi vya makaburi mikononi, walilia wanawake waliotembea na vitanda kichwani, wakilitaja jina la Athmani lakini wakichanganya na majina mengine, ya watu, ya miti, ya kisima. Mama yake Pendaeli alitolewa nje akiwa amejifunika shuka, akalia amekaa. Spika ziliendelea na mboga za majani na hakuna aliyezisikia. Wizara iliandika baadaye kwamba marehemu alikuwa mtu mwenye ndugu wengi. Koplo naye alikuwa amevua kofia, amekaa pembeni na mashavu yamelowa, na mtu alipomuuliza ana undugu gani na marehemu, alisema atakumbuka baadaye.

Kando ya Zawena alikaa mwanamke wa makamo, mfinyanzi wa vyungu kule bondeni, ambaye hakuwahi kukutana naye. Alimsubiri mpaka kilio kipungue. Halafu akamuuliza kwa upole alikuwa mtu wa namna gani, huyo bwana.

Zawena alimweleza. Alisema alikuwa anakula akiwa amesimama, kwa haraka, kama anayeachwa na gari. Alisema aliogopa mabata. Alisema hakujua kupiga mluzi, na safari nzima, mwaka hadi mwaka, alijaribu kujifunza. Yule mwanamke alicheka kidogo katikati ya machozi.

"Na sauti yake je, ilikuwaje?" akauliza.

Zawena alitafakari. Watu waliendelea kulia kila upande.

"Imenitoka, mwenzangu," akasema.

Yule mwanamke akasogea karibu zaidi kwenye mkeka, mpaka mabega yao yakagusana, wakakaa hivyo.